Mkono wa Kulia

Mheshimiwa hakimu, mkono anaouonyesha
ni kweli umekufa.
Niliuona ukifa, asubuhi ya Jumatatu, msimu wa tumbaku:
kijiko kikamponyoka, uji ukamwagika kifuani,
akanitazama kama aliyeibiwa.
Ripoti ya Kitete haidanganyi. Kiharusi, upande wa kulia.
Sibishani na daktari.

Lakini mimi mkono huo naujua kwa tarehe.
Huo wa kulia.
Wa kushoto ulikuwa mpole, ulishika taa.

Tulikaa Isevya, vyumba viwili na uani,
majirani wakiongeza sauti ya redio.
Fomu ya polisi nilichukua mara tatu.
Moja nilifungia karanga.
Moja mama mkwe aliikunja, akaifunga pembeni mwa kanga:
"Ya nyumbani hayapelekwi sokoni."
Ya tatu ndiyo hiyo mezani kwako, yenye doa.
Doa hilo ni asali.
Damu nilikuwa nimeshafua.

Sasa anaomba matunzo.
Mimi Kalunde nimlishe Lugusha,
kwa kuwa yeye hajiwezi na mimi nina mizinga arobaini.
Wakili wake amekisoma kifungu, sauti imenyooka kama reli:
mke mwenye uwezo, mume asiyejiweza.
Mimi wakili sina. Nina binti huyu wa msaada wa sheria,
viatu vyake vina vumbi la Ng'ambo kama vyangu,
ananinong'oneza kwamba sheria haiishii hapo,
kwamba korti hutazama pia ndoa ilivunjwa na nani.
Basi tazama.

Mizinga hiyo hakuna aliyeuliza ilikotoka.
Ni mwaka ule wa taya.
Nilikula kwa mrija miezi miwili,
sokoni sikuweza kukaa na sura ile,
nikaenda Ipole kwa kaka yangu, porini.
Nyuki hawaulizi uso umefanyaje.
Kwa hiyo ukisema alichangia mali, sikatai,
alichangia.
Hapo mnacheka. Naye anacheka,
kwa upande mmoja wa mdomo.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.
Wa kwake haukuja mtupu hata siku moja:
mkanda, mwiko, waya wa pasi,
mara moja kiti.
Ile ya kiti ilikuwa mimba ya miezi mitano.
Debe la asali mnalijua bei.
Hiyo nyingine sijui mtaiandika safu gani,
na wala sikuja hapa kuipangia bei.

Simnyimi uji, mheshimiwa.
Nampelekea tangu masika yaanze,
kwa mikono ya mwanetu Mihambo, kwenye hotipoti ya bluu,
na asali natia, vijiko viwili, hajui.
Lakini uji huo ni wangu.
Unatoka kwangu kwa miguu yake wenyewe,
siku nyingine unachelewa, siku nyingine nimekasirika hauendi,
kesho yake unakwenda.
Ukiuandika amri, ukaupiga muhuri,
utakuwa ushuru.
Na kila tarehe mosi nitausikia ule mkono mlangoni kwangu
ukigonga,
mzima kabisa.

Hayo tu.

*

Shauri limeahirishwa hadi tarehe kumi na tisa.
Karani amelifunga jalada kwa uzi,
ameliweka juu ya mengine, dirisha halionekani.

Nje, kwenye ngazi, Lugusha alikuwa na chupa ya maji.
Ameibana kwapani, kifuniko ameking'ata,
maji ya mate yanamshuka shingoni.
Wakili wake alishaondoka na bodaboda.
Watu wakapita. Kule stesheni treni ya Kigoma ikapiga honi
na yeye akanyanyua macho, akaniona,
akayashusha.

Nikamfungulia.

Hilo, karani, usiliandike.